Kura Mia za Severin Lyaruu

Severin Lyaruu aligombea udiwani kwa ubishi tu. Udiwani wenyewe hakuwa na haja nao, na hata angepewa bure asingejua pa kuuweka. Alikuwa na miaka sitini na nane, magoti yanamlalamikia kila akiona ngazi, na habari za siasa zilikuwa zikimletea usingizi tangu ujana wake. Ila binti yake Angel alimchokoza, na mzee yule ukimchokoza, basi tena, umejitakia.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa pili. Angel alikuwa amekuja Thamesmead kutoka Hayes, anakoishi na mumewe Kibet, kuvuka London nzima, na mfuko wa vyakula vya kumjazia baba yake friji. Akafungua friji, akakuta vyakula vya Jumapili iliyopita vimekaa vilevile alivyoviacha, hata mfuniko haujaguswa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Angel huongea Kiingereza na baba yake hujibu Kiswahili. Ndivyo walivyozoeana tangu binti akiwa darasa la kwanza, na wanagombana hivyohivyo bila taabu.

"Baba, njoo ukae kwetu. Kibet ameshakubali. Kile chumba kidogo tumetoa masanduku yote."

"Kwani hapa kwangu pana nini?"

"Hapana mtu. Hiyo ndiyo shida yake."

"Mimi nina watu!" Severin akapandisha sauti. "Miaka ishirini na miwili nipo hapa. Utasemaje sina watu?"

"Haya, nitajie."

Mzee akafungua mdomo. Akamtaja Sushila wa mlango wa pili. Akamtaja Jaffar kinyozi. Akavuta pumzi, akataja wawili waliokwisha kuhamia Birmingham, akataja na mmoja ambaye alikuwa marehemu, kisha akajishtukia. Angel hakucheka. Afadhali angecheka, maana alimwangalia baba yake kwa huruma, na huruma ya mtoto wake mwenyewe Severin aliiona kama kupigwa kibao.

Sasa, ingekuwa mtu mwingine yangeishia hapo. Lakini wiki ileile, kwenye ubao wa maktaba, Severin akaona tangazo la halmashauri: diwani wa kata yao amejiuzulu, kutakuwa na uchaguzi mdogo, na anayetaka kugombea achukue fomu. Kwao Moshi huwezi kugombea bila kubebwa na chama. Huku, jamani, walitaka saini mbili tu! Sushila akatia ya kwanza, mumewe akatia ya pili, hata hakuuliza anasaini nini. Severin akampigia simu binti yake usiku huohuo.

"Nagombea. Utawaona watu wangu kwa macho yako."

Pengine Angel alihesabu kwanza hadi kumi. Halafu akasema, "Sawa, Baba. Kura mia moja. Ukizipata, sitakutajia Hayes tena maisha yangu yote. Ukizikosa, unahamia kwetu kabla shule hazijafungwa."

"Mia? Mia si ni wachache hao!"

Na kwa kweli aliamini hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisukuma vitanda hospitalini, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kurudi, na wagonjwa wote aliwatania njiani mpaka wakasahau kuogopa. Walikuwa watu wengi sana hao. Tatizo ni kwamba walimfahamu wakiwa wamelala chali, na wakishasimama kila mtu alikwenda zake. Halafu walikuwepo wale wa kinyozi. Dukani kwa Jaffar, Mkenya wa Mombasa, ndiko Waswahili wote wa eneo lile walikokutana Jumamosi, na kundi lao la WhatsApp lilikuwa na watu mia na thelathini. Severin alipobandika karatasi yake pale kwenye kioo, ile yenye picha yake ya suti ya harusi ya Angel, duka zima lilipiga makofi. "Mzee wangu, sisi tuko na wewe!" Jaffar alisema, mashine mkononi. "Twakuombea!"

Severin akarudi nyumbani amevimba kichwa. Hakumwuliza hata mmoja kama kweli atakwenda kupiga kura. Aliona haya. Alikolelewa yeye, mtu haombi kura. Jumuiya ya kanisani ikitaka kuchagua mwenyekiti, waliotajwa majina hutolewa nje, wakasimama uani wakijifanya wanaangalia migomba, huku wenzao ndani wakinyoosha mikono. Ole wako ujinyooshee mkono mwenyewe! Utachekwa mpaka wajukuu zako waulizwe habari hiyo. Adabu hiyo Severin alipanda nayo ndege, na ndiyo aliyoendea kwenye uchaguzi wa Kiingereza.

Wiki moja kabla ya kura, kengele ya mlango ililia. Severin alidhani ni mtu wa mita ya umeme, maana hakuna mwingine aliyekuwa akibonyeza kengele ile. Kumbe ni Lorraine, mgombea wa chama kimoja kikubwa, anapita nyumba kwa nyumba na orodha yake ya wapiga kura. Hakumtambua. Severin naye hakumwambia kwamba wanashindania kiti kimoja. Utamwaibishaje mgeni mlangoni kwako? Akamkaribisha ndani. Yule mama akasema ana dakika mbili tu, lakini chai ya tangawizi ilikuwa tayari jikoni, akaipokea. Akatazama picha ukutani.

"Huyu ni nani? Ana uso mzuri sana."

Alikuwa Placida, mke wa Severin, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Tangu matanga yaishe, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Severin habari zake. Watu walimpa pole, wakampa na wali, kisha wakaogopa kulitaja lile jina wasije wakamliza. Kumbe mwenzao alikuwa akitamani litajwe. Basi mzee akafunguka. Akaeleza jinsi Placida alivyokuwa akiimba akipiga pasi, jinsi alivyougomea mkate wa huku mwaka mzima, jinsi alivyougua. Lorraine alikaa dakika ishirini, akatikisa kichwa panapostahili, akaweka alama kwenye orodha yake, akaaga. Usiku ule Severin alikula chakula chote kilichokuwa kwenye friji.

Alhamisi ya kura alikwenda asubuhi mapema, shule ya msingi ya jirani, akaonyesha kadi yake ya basi ya wazee yenye picha, akapewa karatasi. Majina sita. La kwake lilikuwa la nne. Akaishika ile penseli, akaisogeza hadi kwenye kiboksi chake, na mkono ukagoma. Wallahi uligoma! Alihisi kama jumuiya yote imesimama nyuma ya bega lake inamtazama. Akakaa pale mpaka msimamizi akakohoa. Mwishowe akampa kura Lorraine. Alimpa kwa sababu alikuja nyumbani, na hakuwa na sababu nyingine. Moja ikipungua kwangu ina nini, alijisemea, wakati nina mia na thelathini.

Kura zilihesabiwa Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi wa michezo. Angel alichukua ruhusa kazini akaja, mgombea akiruhusiwa mgeni mmoja. Meza zilipangwa safu, wahesabuji wamevaa vifuniko vya mpira vidoleni, karatasi zinafunguliwa na kupangwa mafungu. Fungu la Lorraine lilikuwa likifungwa kwa mpira, linawekwa pembeni, linaanzwa jingine. La Severin lilikuwa dogo, limelala pembeni mwa meza. Alijifariji kwamba bado masanduku mengine. Simu ikatetemeka mfukoni. Jaffar.

"Mzee wangu, vipi, tumeshinda?"

"Bado wanahesabu. Wewe jana ulikwenda saa ngapi?"

"Kwenda wapi?"

"Kupiga kura, Jaffar!"

"Mimi? Kwani sisi twaruhusiwa?" Jaffar alishangaa kweli. "Mimi sina pasipoti yao, mzee. Nina ruhusa ya kukaa tu. Hapa dukani wengi wetu ni hivyohivyo."

"Tunaruhusiwa! Watu wa Jumuiya ya Madola wanajiandikisha na wanapiga! Mimi mwenyewe natembelea pasipoti ya Tanzania, na nimegombea!"

Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimwa. Severin akamsikia Jaffar akiwauliza watu dukani, na sauti tatu nne zikijibu "ati nini?" kwa pamoja.

"Sasa mbona hukutwambia?" Jaffar akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Sisi twalijua wewe una pasipoti yao. Twalikuwa twakuombea dua tu."

Severin akakaa kwenye kiti cha plastiki. Miaka mingapi amenyolewa na yule mtu? Kila wiki mbili, kichwa mikononi mwake, wakiongea mpira na bei ya nyama. Hakujua Jaffar ana karatasi gani. Jaffar hakujua yeye ana pasipoti gani. Wote wawili waliheshimiana mno wasiulizane. Alijisikia mpweke, na safari hii hakuweza kumlaumu mtu, maana na yeye alikuwa ameshiriki kuutengeneza upweke huo kwa mikono yake. Alitamani Placida awepo amcheke.

Wakaitwa mbele. Msimamizi wa uchaguzi akasoma majina moja moja kwa sauti isiyo na moto wala baridi. "Lyaruu, Severin, mgombea binafsi. Kumi na tisa." Watu wawili nyuma wakapiga makofi ya adabu. Lorraine akapata elfu moja na arobaini, na ukumbi ukalipuka.

Angel alimsubiri baba yake chini ya jukwaa. Hakutaja mia. Alimshika mkono, akamrekebishia kola ya shati, akatafuta neno la kumpoza.

"Kumi na tisa, Baba. Pamoja na yako."

"Yangu haimo."

"Haimo? Uliipeleka wapi?"

Severin akaonyesha kwa kidevu, kule Lorraine alikokuwa akikumbatiwa. "Nilimpa yule. Alikuja nyumbani, Angel. Alikaa kabisa. Alimuulizia mama yako."

Angel akamwangalia baba yake, kisha yule mama, kisha baba yake tena. Lorraine alikuwa tayari anazunguka kuwapa mkono walioshindwa, kama ilivyo desturi, na sasa zamu yao ilikuwa imefika. Severin akajiweka sawa. Akavuta koti. Usoni mwake kulikuwa na furaha ya mtu anayepokea mgeni wake, na Angel, alipoiona furaha hiyo, akasogea karibu naye.

"Hongera kwa kampeni nzuri," Lorraine akasema, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Akashusha macho kwenye beji ya jina kifuani kwa mzee. "Bwana Lyaruu. Pole kwamba hatukupata nafasi ya kukutana. Unakaa upande gani?"

Furaha ile ilibaki usoni mwa Severin kwa muda, haina tena kazi. "Jengo la kando ya ziwa," akasema taratibu. "Ghorofa ya sita."

"Oh, huko kote nilipita! Watu wazuri sana. Siku moja nitakuja nikutembelee, tuongee vizuri."

"Karibu," Severin akasema. "Karibu sana."

Lorraine akapita kwa mwingine. Wahesabuji walikuwa wameanza kukunja meza. Severin alisimama palepale, akiivua beji yake polepole, pini ikimsumbua vidole, mpaka Angel akamsaidia.

"Kile chumba chenu," mzee akamuuliza, "kina dirisha?"