Sufu Ndani ya Hedifoni za Aune

Aune Lahtinen alipona saratani, lakini masikio yake hayakupona madhara ya dawa zake. Sauti nzito alizisikia kama ngurumo ya mbali. Zile nyembamba, kijiko kikigonga kikombe au breki za gari la taka, zilimchoma kama sindano. Daktari alisema hali hiyo huenda ikazidi. Aune akaacha kwaya ya kanisa letu la Wafini hapa Thunder Bay, Kanada, aliyoiimbia tangu usichana wake.

Mumewe, Reino, alikuwa fundi mstaafu wa maghala ya nafaka bandarini, mtu asiye na maneno mengi. Alinunua hedifoni kuukuu kwenye duka la mitumba, akazifungua juu ya meza ya jikoni. Mimi nilikuwa mpangaji wao wa juu, na kila niliposhuka kunywa kahawa nilimkuta ameinama, bisibisi mkononi.

"Huku nyuma ya spika ndiko kunakopiga mwangwi," aliniambia. "Ukijaza sufu, sauti inatulia. Na hapa mbele ukibandika karatasi laini, ule ukali unapungua."

Sufu aliichambua kutoka kwenye soksi zake za baridi. Vikombe vya plastiki vya kufunika masikio alivipaka ndani udongo wa kuchezea watoto, visitetemeke. Kisha alimvika Aune na kumwekea kanda ya kwaya, wimbo wa Krismasi ambao ubeti wake wa pili Aune aliuimba peke yake.

"Vipi?"

"Inachoma."

"Wapi?"

"Pale ninapopanda juu. Kumbe nilikuwa napiga mayowe hivi! Na mchungaji akanisifia, mwongo yule!"

Reino hakucheka. Alifungua tena, akajaribu kuongeza sponji. Akizidisha sponji, kwaya nzima ilisikika kama imefunikwa mto. Akipunguza, sindano zilirudi. Majira ya baridi yote yakaishia hapo mezani.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Aune alifumba macho, akainua mkono. "Hapo hapo, mzee. Usiguse tena."

Jioni ile Reino alipanda ngazi kunigongea mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniletea mkate wa iliki. Alisimama pale mlangoni akitabasamu, asijue aondoke vipi.

Tangu hapo, kila alasiri Aune alikaa dirishani na hedifoni zake, akitikisa kichwa taratibu. Siku moja nilikuwa nao, Reino akasogeza redio ya kaseti ili afagie. Waya wa hedifoni ulikuwa umekatika palipounganishwa, unaning'inia. Kanda ilikuwa inazunguka. Aune alikuwa bado anatikisa kichwa.

Reino aliokota ncha ya waya, akasimama mbele ya mkewe mpaka Aune alipofumbua macho.

"Tangu lini?" aliuliza polepole, na Aune akamsoma midomo.

"Tangu kabla ya theluji kuyeyuka."

"Na ile siku uliposema hapo hapo?"

"Sikusikia kitu, Reino."

"Si ungeniambia, mama?"

"Ungeacha. Ungekaa unatazama ukuta, nami nakujua."

Nilitaka kuondoka, ila mlango ulikuwa nyuma yao. Reino alichukua chuma cha kulehemu, akaunga waya, akazivaa hedifoni mwenyewe. Alisikiliza hadi ubeti wa pili ukaisha. Aune alimtazama usoni muda wote.

"Niliimba vizuri?"

Reino aliitikia kwa kichwa. Alizivua, akazima redio, akaenda kumalizia kufagia.

Hakufungua hedifoni nyingine. Vipande vya sponji alivitupa, na meza ikarudi kuwa ya kulia chakula. Sasa anajaribu kujifunza kumgeukia mkewe kabla ya kusema neno. Mara nyingi husahau. Nikishuka asubuhi, namkuta anaongea na kisogo cha mkewe kuhusu hali ya hewa, huku Aune akiosha vyombo, bomba la maji limefunguliwa hadi mwisho.