Mjamzito wa Kaoze na Wageni wa Mjadala

Shule niliikimbia mapema, lakini upuuzi naujua nikiuona. Juzi nilimpelekea dada yangu uji kwenye nyumba wanamosubiri kujifungua wajawazito hapa Sumbawanga. Akaingia bwana mmoja wa serikali, mwenye tai.

"Kina mama, tupisheni hadi kesho. Wageni wa Zambia wanakuja kupanga mjadala wa kimataifa wa afya ya mama na mtoto. Wataikagua nyumba, lazima iwe safi."

Mama mmoja kutoka kijiji cha mbali cha Kaoze, tumbo limeshashuka, akamuuliza, "Sasa nikazalie wapi, baba?"

"Vumilia, mama. Ni kwa faida yenu."

Mama akavua kandambili, akapanda kitandani, akajifunika kitenge. "Wakifika, waambie nimelala. Mimi sitoki."

Bwana akabaki anashikashika tai. Kaka, mataifa mawili unayaweza, mama mmoja kakushinda!