Nilivyoisafisha saa ya mbao ya room mate wangu hapa Doha, nikamharibia safari

Wakuu, salaam kutoka Al Mansoura, Doha. Hii si chai, na humu ndani sina sifa yoyote ya kujipa.

Mimi nafanya usafi hotelini. Chumba nakaa na Khamis, Mzanzibari, aliyekuwa dereva wa mama mmoja Mmarekani. Yule mama alipohama, alimwachia saa ya kizamani ya kwao, ile ya kuweka juu ya shelfu.

Sasa sikilizeni. Magurudumu ya ndani yote ni mbao, mpaka meno yake! Sijawahi kuona.

Khamis ana miaka tisa hajakaa na wanawe. Akaniambia, "Hii ikiwa orijino nauza, mkataba wa kampuni sisaini tena. Nakwenda zangu Unguja."

Fundi saa mmoja, mzee wa Kihindi, akakubali kuikagua Ijumaa.

Alhamisi nilikuwa off. Nikaifungua ile saa, vumbi tupu. Ndani ya kasha, kwa nyuma, kulikuwa na karatasi imegandishwa, ya njano, imeliwa na wadudu.

Mnatujua watu wa housekeeping, stika kuukuu inatuwasha mikono. Nikailowesha, nikaikwangua na kadi ya metro, nikafuta mpaka mbao ikang'aa. Nikajiona bonge la mtu.

Khamis aliporudi akaona nje inang'aa, akanishukuru sana. Ndani hakufungua.

Ijumaa tukaenda wote kwa fundi. Mzee akamulika tochi ndani, akatabasamu kuona ile mbao. Halafu akauliza, "Wein waraga, sadiq?" Karatasi iko wapi.

Kumbe ile karatasi ndiyo inayotaja nani aliitengeneza na wapi. Bila hiyo, alisema, wanunuzi wa maana wataiona kama vipande vya saa tofauti vilivyounganishwa. Yeye angeichukua kama pambo tu.

"Wallahi ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu," Khamis akasema. Fundi akamtazama kama tapeli.

Khamis akanigeukia mimi. Nikajibu nilifuta nje tu.

Hapo ndipo panaponiuma, wakuu. Karatasi niliibandua kwa ujinga, ila uongo niliusema nikiwa na akili zangu timamu.

Wiki iliyopita kasaini miaka miwili mingine.

Funzo: kitu cha mtu usikiguse kabla hujamuuliza, na ukiharibu sema palepale. Nichaneni tu kwenye comments, nimestahili.

Nilitaka mnishauri namwambiaje, lakini najua na yeye husoma humu. Khamis, ndugu yangu, niliibandua mimi.