Kichupa Kilichopata Joto

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, viganja hutoka jasho hata leo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, miaka ya tisini, nami ni binti msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya Kasulu. Nilifungua friji letu la mafuta ya taa, nikakuta ndani kuna joto kama la chumbani. Utambi ulikuwa umezimika. Tangu Ijumaa nilipaswa kuukagua asubuhi na jioni, lakini mimi nilikwenda zangu Buhigwe kuimba kwenye harusi ya rafiki yangu. Ujana, mwanangu, una masikio ya ngoma tu.

Ndani ya friji mlikuwa na kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho. Kilikuwa cha Daktari Salome, mtafiti aliyetoka Dar es Salaam kuchunguza damu ya wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, kutoka huku kwetu na Kibondo. Kilikuwa na dawa ya kupimia iitwayo kingamwili. Alitueleza kwamba ndani ya chembe za damu kuna kimeng'enya kinachopeleka habari, kama tarishi. Kingamwili ile hukishika hicho peke yake, kisha ukitia rangi, chembe huonekana ya kahawia kwenye hadubini. Ikipata joto huharibika, ila kwa macho huoni tofauti.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Niliwasha utambi, nikaandika kwenye daftari la joto "nyuzi nne", baridi inayotakiwa, kwa siku zote tatu, nikanyamaza.

Wiki nzima, kila Daktari alipoinamia hadubini, nilijitia kufagia. Kahawia haikuonekana hata kidogo.

"Ajabu," akasema. "Wagonjwa wa malale kimeng'enya hiki hawana kabisa."

Akaanza barua ya kupeleka habari hiyo Dar es Salaam, akaagiza wagonjwa watolewe damu tena ili ahakikishe. Nikamshika mkono bibi mmoja wa Kagerankanda, mkono mkavu kama kijiti. Mshipa ulikataa mara mbili. Nilimwona akiuma pindo la kitenge chake, na bado sikusema.

Mkuu wetu wa maabara, Mzee Bitama, Muha wa maneno machache, ndiye aliyeuliza, "Daktari, umejaribu damu ya mtu mwenye afya?"

"Vioo vyangu vyenye damu ya kulinganishia vilivunjika njiani, Mzee."

"Basi mtoboe huyu." Akanionyesha mimi.

Nikatoa kidole. Tulisubiri mpaka alasiri. Daktari akatazama, akainua kichwa polepole.

"Yudita, na wewe huna? Kila mwenye afya anacho."

Nikasema yote: harusi, utambi, zile nyuzi nne. Daktari hakunifokea. Aliichana barua yake, akatoka nje.

Mzee Bitama akaniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, utambi humzimikia hata mwangalifu. Ile nne uliiandika kwa mkono wako. Nenda wodini ukamwombe radhi yule bibi."

Nilikwenda. Bibi alinisikiliza macho yakimlegea, kisha akasema, "Damu itarudi. Mimi ugonjwa wangu ni usingizi. Wewe wiki nzima hii, umelala?"

Nililia pale pale, kichwa kwenye blanketi lake.

Kichupa kingine kilichukua majuma mengi kufika. Damu za wagonjwa zikatoka kahawia, nyingine hafifu, nyingine zimekolea; kumbe kimeng'enya walikuwa nacho. Sikufukuzwa, ila daftari la joto sikulishika tena mwaka mzima.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa huwaumiza wasiohusika. Ukiteleza, sema siku ile ile, hata sauti ikitetemeka, kabla kosa lako halijatoboa mkono wa mtu mwingine. Aibu ya kusema ni ya saa moja. Hofu ya kuficha haina saa.

Mungu akujalie mkono mwangalifu, na siku mkono utakapokosea, akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Ulale usingizi wa amani.