Jaji Aliyesugua Utando Wangu kwa Leso

Jaji wa maonyesho ya sayansi leo ameua mradi wangu kwa leso. Leso!

Nilikuwa na kipande cha kauri chenye utando mwembamba ambao ukipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani. Nitrojeni ya kimiminika ya kuupoza nilipewa, ndani ya mtungi wake wa kugandishia mbegu, na daktari wa kupandisha ng'ombe hapa Kitengela.

Jaji akacheka. "Kijana, umetuletea mbegu za fahali?"

Halafu akatemea leso mate, akasugua utando. "Jifunze usafi kwanza."

Unyevu huharibu utando huo. Nilijua hilo, lakini nikaendelea.

Nikamwaga nitrojeni. Mshale wa mita ya ukinzani haukushuka hadi sifuri.

"Unaona? Haifanyi kazi."

Inayoenda ngazi ya kaunti ni volkano ya udongo inayotoa povu.

Jamani, si hata ng'ombe hunusa kabla ya kulamba?