Pigo Lililokosekana

Chizuru Kuramochi aliendesha bafu la umma mjini Kokura, alilorithi kwa baba mkwe wake. Wateja wake wengi hawakujua kwamba ujanani alipiga ngoma katika bendi ya muziki wa panki iliyoitwa Sabi, yaani kutu. Sabi walirekodi santuri yao ya kwanza harakaharaka katika ghala la samaki, wakaiuza mkono kwa mkono, kisha wakatawanyika. Yeye akaolewa, na vijiti vya ngoma akasahau hata alikoviweka.

Mwimbaji wao, Ryohei, alipofariki, mpiga gitaa alimpigia simu kumwalika kwenye tamasha la kumkumbuka. Chizuru akakataa. Aliyemshinda ni mumewe.

"Nenda, mke wangu. Maji ya moto nitayaangalia mimi. Mwenzio hazikwi kwa simu."

Alitarajia kukuta wazee wachache wenye vipara. Alikuta ukumbi umefurika: vijana wa nywele za kijani, kina mama waliokuja na sare zao za kazi, wengine wametoka Sapporo, kaskazini huko. Akajibanza karibu na mlango, mkoba kifuani.

Bendi ya wasichana ikaanza kupiga nyimbo za santuri ile, moja baada ya nyingine. Kwenye wimbo wa tatu, katikati ya kelele za kupasua masikio, ngoma ikanyamaza ghafla. Ukumbi mzima ukanyamaza nayo, mikono juu, pumzi zimezuiwa. Ngoma iliporudi, watu wote waliruka kwa pamoja, sakafu ikatetemeka hadi nyayoni mwake.

Chizuru akashika ukuta. Kimya kile alikijua. Siku ile ghalani kijiti kilimponyoka, na hawakuwa na mkanda mwingine wa kurudia. Kwa aibu, santuri yenyewe hakuwahi kuiweka nyumbani.

Baadaye alimfuata mpiga ngoma, binti aitwaye Honoka, akajitambulisha. Honoka akainama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Mama, pale ndipo nilipojifunzia ngoma," alisema. "Mwalimu wangu aliniambia, ukielewa kwa nini yule alinyamaza, umekuwa mpiga ngoma."

"Kijiti kilianguka, mwanangu."

Honoka alifikiri kidogo. "Basi kilianguka vizuri."

Wasichana wale wakamkalisha nyuma ya ngoma. Mikono ilikuwa mizito, lakini wimbo mmoja aliumaliza, na watu walimsikiliza kama wanaosikiliza mvua ya kwanza.

Aliporudi alimkuta mumewe anasugua vigae. Akachukua brashi, akapiga magoti kando yake, wakasugua pamoja.