Mama wa Mama Yangu

Mama yangu mzazi huniita Mama. Si kwa kunidekeza, kama wanavyoitwa watoto wa kike kila mahali. Kwa hesabu zake, mimi ndiye mama yake. Nyanya alifariki nikiwa bado tumboni, na nilipozaliwa nilikataa kunyonya. Shangazi zangu walinizunguka wakanitajia marehemu mmoja baada ya mwingine, wakianza na wa upande wao, na mimi nikaendelea kulia. Walipomaliza wa kwao ndipo wakakubali, shingo upande, kutaja wa upande wa mama. Lilipotamkwa jina la nyanya nikanyamaza, nikashika ziwa. Kwetu sisi Wasamia huo ni ushahidi tosha kwamba marehemu amerudi, na jina lake likawa langu.

Kwa hiyo nimelelewa kwa heshima. Nikivunja kikombe, mama alikuwa akishika kiuno na kuniuliza, "Mama, kwani mimi nimekukosea nini?" Watoto wengine walichapwa. Mimi nilisihiwa, na naweza kusema kuchapwa huisha upesi zaidi.

Nilipoolewa nilivuka mpaka. Mama huuza samaki wa kukaanga Busia ya Kenya, nami naishi na mume wangu kwenye nyumba ya kupanga Busia ya Uganda. Kwa miguu si mbali. Malori yakiwa kwenye foleni, unafika kabla yao na kurudi, na dereva uliyemsalimia ukienda utamkuta palepale amevua viatu.

Mume wangu ni wakala wa forodha. Anaamini kwamba matatizo yote ya dunia yanatokana na karatasi mbili zisizofanana. Shule ninayofundisha iliponitaka nilete kibali cha kukaa Uganda, alifurahi kama mtu aliyeletewa shehena. Aliijaza fomu mwenyewe. Penye jina langu aliandika lile la ubatizo, akafuatisha la kwake.

"Mzigo ukiingia na jina la ulikotoka," aliniambia, "unalala bondi, kwenye ghala la forodha."

"Mimi ni mzigo?"

"Nakupa mfano tu, mwalimu."

Tulikwenda Tororo, kwanza kwa wakili, nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo naitwa hivyo. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na wakili alikuwa na haraka. Kisha tukaenda ofisi ya uhamiaji. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kupuliza kila karatasi kabla ya kuisoma.

"Madam, fomu nasema jina moja, pasi nasema ingine," alisema. "Badilisha pasi, ama badilisha fomu. Yote ni sawa. Mimi bibi yangu alibaki na jina yake, na ananipikia tu."

Mume wangu alichagua kubadilisha pasi. Maana yake ilikuwa kuanza na kitambulisho changu cha Kenya, kisha pasi, kisha kurudi Tororo. Hakuona tabu. Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji atangaze jina langu jipya kanisani, likatangazwa kati ya harambee ya mabati na kikombe cha plastiki kilichookotwa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mume wangu hakulifikiria. Kuna nchi ambako jina la mume ni la familia nzima, kama paa. Huku kwetu sivyo. Ndugu zake kila mmoja ana jina lake, na kila jina lina marehemu wake. La mume wangu ni la babu yake mzaa baba, mzee wa kijijini Masinya aliyekuwa akirudisha chakula jikoni bila kukionja, akisema chumvi ameisikia kwa harufu. Mimi nilidhani nimepewa jina la mume. Nilikuwa nimepewa mzee.

Wa kwanza kulitambua alikuwa mama mkwe. Alikuja kwetu kutibiwa goti, akafika siku chache baada ya tangazo. Kawaida hakai dakika mbili kabla hajaniambia sufuria zangu zina masizi. Siku hiyo nilipopiga magoti kumsalimia, aliniinua kwa mikono miwili.

"Aa, baba, usipige magoti. Keti."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilipoandaa chakula alichukua sahani yake akaenda kula jikoni, amegeukia ukuta. Mkazamwana hali mbele ya baba mkwe wake, na baba mkwe wake sasa alikuwa mimi. Nikiingia jikoni, anatoka. Nikitoka, anarudi kwenye ugali uliokwisha kupoa. Nilimuuliza mbona kwa mwanawe, mwenye jina hilohilo, anakula bila wasiwasi.

"Huyo nilimnyonyesha," alisema, akitazama sakafu. "Wewe sikukunyonyesha."

Nakiri kwamba siku mbili za kwanza nilifurahia. Hakuna aliyezungumzia masizi. Lakini kuishi na mwanamke mwenye goti bovu anayekuogopa ni kazi ngumu, na alianza kukonda.

Mama alipata habari kwa wanawake wanaovuka kununua samaki. Nilipokwenda kumwona alikuwa akigeuza ngege kwenye mafuta.

"Mwalimu, karibu," alisema.

Niligeuka kutazama nyuma, nikidhani amemwona mwalimu mkuu wangu. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi," nikasema.

"Nimekuona. Kaa."

Alinipa kigoda, akanipa samaki mzuri, akaniuliza habari za shule, yote kwa adabu ya mtu anayempokea mgeni kutoka wizarani. Nilikula lakini sikujua ninakula nini. Kitu kimoja tu ndicho nilichokitaka kwake, kile nilichozoea kukipata bure tangu nizaliwe, na niliogopa kwamba sitakisikia tena.

"Ni kwa ajili ya kibali tu," nilimwambia. "Ni kwenye karatasi."

Aliweka upawa chini. "Mama yangu alipokufa sikulia sana. Watu walinisema. Lakini wewe ulikuwa tumboni unapiga teke, nikajua yuko njiani anarudi. Sasa nimesikia ametolewa, mmemweka mzee wa watu. Nitamtafutia wapi tena?"

Nilimrudisha samaki kwenye sahani.

"Nilimzika mara moja," alisema. "Mwalimu, usinizikishe tena."

Niliumia. Niliumia zaidi kwa lile neno mwalimu, ambalo watoto wa darasa la tatu huniita siku nzima na halijawahi kuniuma. Nilirudi Uganda nikilia wazi barabarani, na mwendesha boda akaniuliza kama nimenyang'anywa mzigo.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba sitabadilisha pasi. Alikasirika, na hasira yake haikuwa ya mchezo. Alisema imeshatangazwa kanisani. Alisema watu watasema mke wake analala Uganda na jina lake linalala Kenya. Sauti ilimpungua akasema pia kwamba alitaka mtu akilisoma jina langu ajue ni la mke wake. Hilo la mwisho lilinigusa, kwa sababu si mtu wa kusema maneno ya namna hiyo. Nilimwambia nampenda. Nikamwambia pia kwamba babu yake simtaki.

Hapo sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, ikipenya ukutani.

"Mwanangu, mrudishie mwenzio jina lake, nipate kula."

Tulirudi Tororo na fomu mpya. Njiani mume wangu alipakata faili na kuangalia mashamba ya mihogo kana kwamba yana kodi ambayo haijalipwa. Ofisa alikuwa yuleyule. Alipuliza fomu, akapuliza pasi.

"Sasa jina ni gani?"

Mume wangu alifungua mdomo kwa mazoea. Nikawahi. Nilitaja jina langu lote, la ubatizo na la nyanya, kwa sauti ya darasani, mpaka mtu aliyekuwa akisinzia kwenye benchi akaitika. Ofisa alishusha kidole chake kwenye fomu, akakipitisha kwenye pasi.

"Eh. Nafanana."

Nilimwona mume wangu akipumua. Hata akiwa amenuna, karatasi zinazofanana humponya. Kwa wakili alisimamia mwenyewe kiapo kingine cha kufuta cha kwanza, akakisoma mara mbili kuhakikisha hakuna kosa.

Kibali kilipotoka, mama mkwe alikuwa bado kwetu. Nilipiga magoti kumsalimia, akaniacha hukohuko chini.

"Hizo sufuria," alisema, "umeziacha mpaka lini?"

Nilizisugua zote. Mchana tulikula sebuleni, yeye na mimi, uso kwa uso, akaongeza ugali mara mbili.

Kisha nikavuka. Mama alikuwa akimfungia samaki mteja wa Uganda, mwanamke mwenye kapu kubwa aliyekalia kile kigoda. Nilisimama pembeni nikiwa na kibali mkononi. Mama hakukiangalia.

"Wamekuandika nani?"

Nikamtajia. Aliendelea kufunga samaki, polepole, akakunja gazeti mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akamgusa mteja bega.

"Mpishe huyu akae. Ni mama yangu."

Mteja alinitazama, akamtazama mama na mvi zake, akanitazama tena.

"Hii? Mama yako?"

"Ndiyo," alisema mama, akijifuta macho kama aliyeingiwa na moshi wa mafuta. "Ametoka mbali. Mpishe."

Yule mwanamke akainuka, akachukua kapu lake, akanipisha.